Mteja atakayekuuliza umesomea wapi

Kama wewe ni mshauri nasaha na ndiyo kwanza umeanza kuona wateja peke yako, iko siku atakuja mmoja mwenye majivuno, atakayekikagua kiti kabla ya kukikalia. Wangu alikifuta kwa leso, akatazama vyeti ukutani, akauliza: "Dada, umesomea wapi? Na una miaka mingapi?" Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Nikajibu haraka haraka kama niko kwenye usaili. (Mambo yake mengine nimeyabadilisha asitambulike.)

Hakuja kutibiwa majivuno. Sijawahi kumpata aliyekuja kwa ajili hiyo. Alikuja kwa sababu mkewe alikuwa amefungasha na yeye usingizi umempotea. Wengine huletwa na sonona, pombe au barua ya kuachishwa kazi. Siku hizi mitandaoni kila mume mkorofi ni "narsisti", yaani mwenye majivuno yaliyofikia ugonjwa, na wake watakuja wakuombe umthibitishe mtu ambaye hujamtia machoni. Usikubali. DSM, mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, uliiingiza haiba ya kinarsisi kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1980. Leo una vigezo 9 na unataka vitimie 5, kwa hiyo wagonjwa wawili wanaweza kuwa na jina moja na wakafanana kigezo kimoja tu. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, haina tena jina hilo: unapima ukali wa tatizo la haiba, kisha unaeleza tabia zinazojitokeza.

Nirudi kwa mteja wangu. Kila wiki alichelewa, akanisahihisha maneno, akanikumbusha kwamba mshauri wake wa kwanza alikuwa na kiyoyozi. Kikao cha saba, kwa sauti ya upole niliyoiandaa tangu usiku, nikamsomea orodha ya aliyomtendea mkewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akahesabu noti, akazipanga mezani zote zikitazama upande mmoja, akaondoka. Hakurudi. Nilimpelekea msimamizi wangu, mshauri mzoefu ninayepitia naye kazi yangu, habari ile nikitarajia pongezi. Mama yule akaniuliza swali moja: "Ulikuwa unatibu au unalipiza?"

Ndiyo maana nasisitiza usimamizi hata kama umeajiriwa mahali ambapo hakuna anayekudai. Mbele ya mteja huyu utajiona mjinga, utasinzia, utachukia. Au atakusifu kuliko washauri wote aliowahi kuwaona, nawe utoke unaelea. Hiyo ndiyo hatari zaidi, maana hakuna anayekimbilia kwa msimamizi kulalamika kwamba amesifiwa. Yaandike yote kabla hujampokea mwingine. Mara nyingi udogo unaousikia wewe kifuani ndio ule anaoukimbia yeye.

Kwenye vitabu utakutana na madaktari wawili wa akili waliotofautiana kuhusu mteja huyu, wote wazaliwa wa Vienna waliohamia Marekani. Heinz Kohut, kwenye kitabu chake cha 1971, aliona mtu aliyekosa kuonwa na kuthaminiwa utotoni; mwache akutukuze, akutumie kama kioo, na umwelewe pale unapomwangusha. Otto Kernberg, 1975, aliona ngao inayoficha wivu na hasira, akataka vitajwe waziwazi mapema. Mimi naanzia kwa Kohut. Kernberg namleta mteja akishajua kwamba simdharau, na hata hapo nasema jambo moja, si orodha. Siku hizi nikiulizwa nimesomea wapi, nataja chuo, kisha nauliza angependa kuwa na uhakika gani kabla ya kunisimulia yake.

Dawa ya haiba yenyewe hakuna; sonona iliyoambatana nayo hutibiwa, kwa hiyo usichelewe kutoa rufaa. Na anayejigamba akifilisika, akistaafu au akifedheheka hadharani, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Hata kama jana yake alikuja anacheka.

Sasa nyinyi mnaotaka kuandikia tasnifu. Msiahidi kupima kama tiba inafanya kazi. Majaribio ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu kwa ajili ya ugonjwa huu hasa karibu hayapo hata huko kwenye nchi zenye fedha, maana wagonjwa ni wagumu kuwapata, tiba huchukua miaka, na wengi hukacha katikati. Vipimo navyo vina mitego yake. Dodoso la NPI la kupima unarsisi, la mwaka 1979, lilitengenezwa kwa watu wa kawaida, si wagonjwa, na linamtaka mhusika ajieleze mwenyewe, yule yule ambaye shida yake ni kutojiona. Ukilitafsiri tu ukalipeleka Kagera, ambako majigambo ni sanaa yenye heshima zake, utapima nini? Kinyume chake, yule mnyenyekevu wa nyuma ya chumba, anayeumia wiki nzima kwa kutotajwa kwenye shukrani, litampita.

Anzeni na kitu kidogo mnachoweza kukikamilisha: rekodi za waliokacha. Kwa ridhaa na bila majina, andikeni mtu aliacha kikao cha ngapi, na siku ile ya mwisho mshauri alisema nini. Wangu ningemwandika hivi: kikao cha 7, nilimsomea orodha.