Maswali ya Wasomaji: Wapenzi wa Jinsia Moja Wasioitaka Ndoa

SWALI: Ndugu Mhariri, siku zote niliamini kwamba kila anayempenda mtu wa jinsia yake anaitaka ndoa ya jinsia moja, na kwamba wanaoipinga ni watu wa nje tu. Majuzi rafiki yangu, mwanamume aliyeishi na mwenzake miaka 16, aliniambia kwamba hakuwahi kuiunga mkono kampeni hiyo, na kwamba hata sheria ilipowaruhusu hawakwenda kufunga ndoa. Nilimwona kama mtu anayeikana haki yake mwenyewe. Je, nilimhukumu vibaya?

JIBU: Ndugu msomaji, ulimhukumu vibaya, na ningefurahi ukirudi kwake kumsikiliza upya, kwa sababu msimamo wake una historia ndefu na ya heshima.

Mwaka 1989 wanasheria wawili wa Marekani, Tom Stoddard na Paula Ettelbrick, waliandika makala mbili zilizopingana juu ya suala hilihili. Stoddard alikuwa shoga, Ettelbrick alikuwa msagaji, na wote walifanya kazi katika taasisi moja ya utetezi wa kisheria, Lambda, jijini New York. Stoddard hakuisifu ndoa kama ilivyozoeleka, na alikiri kwamba imewaumiza wengi, hasa wanawake. Hata hivyo alishikilia kwamba maadamu serikali imeifanya ndoa kuwa mlango wa haki nyingi, mlango huo hauwezi kufungiwa watu kwa sababu ya wanayempenda, na kila mmoja aachiwe aamue mwenyewe kama ataingia. Ettelbrick alijibu kwamba watu waliopigania uhuru wa kuishi kwa namna yao hawapaswi kuuweka uhuru huo rehani ili wafananishwe na wengine, na kwamba siku ndoa itakapopatikana, wale wasiooana watasukumwa pembeni zaidi kuliko mwanzo. Stoddard alifariki mwaka 1997 na Ettelbrick mwaka 2011, kabla ya mahakama kuu ya Marekani kuihalalisha ndoa hiyo nchi nzima, tarehe 26 Juni 2015, kwa kura tano dhidi ya nne.

Nadhani huwezi kuuelewa mgogoro huo bila kuingia kwanza wodini. Miaka ya 1980, UKIMWI ulipokuwa ukiua vijana kwa wingi, mtu aliyemuuguza mwenzake nyumbani, akambadilishia shuka usiku kucha na kumlisha kwa kijiko, aliweza kuzuiwa mlangoni mwa hospitali kwa kuwa si ndugu. Baada ya maziko, jamaa ambao walikuwa hawajakanyaga pale kwa miaka walikuja kudai vyombo na funguo. Walioitaka ndoa na wasioitaka waliyaona mambo hayo kwa macho yao, na walitofautiana juu ya dawa tu.

Chukua mfano wa Miguel Braschi. Aliishi na Leslie Blanchard kwa takriban miaka kumi katika nyumba ya kupanga jijini New York, lakini jina lililokuwa kwenye mkataba lilikuwa la Blanchard peke yake. Blanchard alipofariki mwaka 1986, mwenye nyumba alitaka kumtoa Braschi. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo iliamua kwamba neno familia, katika kanuni za upangaji zilizomlinda aliyebaki asifukuzwe, litazamwe kwa jinsi watu walivyoishi: muda waliokaa pamoja, fedha walizochanganya, na namna walivyotegemeana na kujulikana kwa jamaa na majirani. Kwa watu wenye mawazo ya Ettelbrick, njia ndiyo hiyo, kwa sababu ingemlinda pia bibi anayelea mjukuu, au marafiki wawili wazee wanaotunzana bila mapenzi ya kimwili. Upande wa pili ulijibu kwa hoja ambayo mimi binafsi siwezi kuipuuza: je, kila mfiwa asimame kizimbani na kuthibitisha upendo wake kwa risiti na mashahidi, wakati jirani yake mwenye mke anaonyesha karatasi moja tu?

Kukosekana kwa karatasi hiyo kuliwafikisha watu mahali pa uchungu. Bayard Rustin, aliyeratibu maandamano makubwa ya haki za raia jijini Washington mwaka 1963, alimuasili kisheria mpenzi wake, Walter Naegle, mwaka 1982, ili wawe na uhusiano wowote ule unaotambuliwa. Fikiria mtu mzima kuandikwa mtoto wa mwenza wake, kwa kuwa sheria haikuwaachia jina jingine la kuitana.

Kwa hiyo uamuzi wa mwaka 2015 ulipotoka, wengi walilia kwa furaha, na walikuwa na sababu. Jim Obergefell, aliyebeba kesi hiyo, alifunga ndoa na John Arthur mwaka 2013 ndani ya ndege ya wagonjwa iliyokuwa imetua tu uwanjani, kwa kuwa Arthur alikuwa mahututi na jimbo lao la Ohio halikuruhusu ndoa yao. Alichodai mahakamani kilikuwa jina lake liandikwe kwenye cheti cha kifo cha mumewe. Lakini hukumu hiyohiyo ilizungumzia tumaini la watu kutohukumiwa kuishi katika upweke nje ya ndoa, na maneno hayo yaliwachoma wasioolewa na wasiooa, wakiwemo wengi wa jumuiya hiyo waliojenga familia zao kwa marafiki. Baadaye baadhi ya waajiri waliondoa bima ya afya waliyokuwa wakiwapa wenza wasio na ndoa, kwa hoja kwamba sasa wanaweza kuoana. Hapo naona Ettelbrick aliona mbali, ingawa bado naamini Stoddard alikuwa sahihi kudai mlango ufunguliwe.

Rafiki yako hakuikana haki yake. Haki ya kuoana ina maana pale tu ambapo mtu anaweza pia kusema hapana bila kupoteza kitanda cha mgonjwa wake.

SWALI: Je, usajili wa uhusiano, bila kuuita ndoa, usingemaliza ubishi huu?

JIBU: Ulijaribiwa. Denmark ilianza kuwasajili wenza wa jinsia moja mwaka 1989, na Ufaransa ikaanzisha mkataba wake wa kiraia mwaka 1999, ikiuachia wazi kwa wenza wote. Wapo walioridhika, na wapo waliouona kama kiti cha nyuma. La kupendeza ni kwamba huko Ufaransa wenza wa mume na mke ndio waliokuja kuutumia kwa wingi zaidi.

SWALI: Mimi ni mwanamke, naishi na mwenzangu katika nchi inayoturuhusu kuoana. Yeye anataka ndoa, mimi naiona kama kamba iliyomfunga mama yangu. Tumegombana mwezi mzima. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, pole. Muulize kwa upole anachokiogopa: huenda anachotaka ni sherehe mbele ya jamaa zake, huenda ni hofu ya kuachwa, au huenda aliwahi kumwona mtu akitolewa nyumbani baada ya msiba. Kila moja kati ya hofu hizo inahitaji jibu lake. Naye mweleze habari za mama yako kama ulivyonieleza mimi, maana sidhani kama amewahi kuzisikia zote. Mazungumzo yakiendelea, msingoje uamuzi ili mlindane: andikeni wosia, wekeni majina yenu wote wawili kwenye mkataba wa nyumba, na kila mmoja atie saini hati ya kumpa mwenzake mamlaka ya kuamua juu ya matibabu yake endapo atashindwa kusema. Mwanasheria anaweza kuziandaa hati hizo hata kama bado hamjakubaliana juu ya ndoa.