Aliyetubu ameacha gongo, sasa anatetemeka: ni pepo?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwinjilisti, nahubiri kupinga pombe huku Kibosho. Mzee mmoja aliyekunywa gongo miaka mingi ametubu na kuacha siku hiyohiyo. Kesho yake akaanza kutetemeka na kuona wadudu ukutani. Wenzangu wanasema pepo wa pombe anatoka, tumfungie ndani afunge siku tatu, na kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani. Nifanyeje?

JIBU: Mtumishi, mpelekeni hospitali ya Mawenzi au KCMC kwanza, ndipo urudi kusoma.

Pombe hupoozesha ubongo. Ubongo wa mnywaji wa kila siku huongeza kasi ili ushindane nayo. Pombe ikikatwa ghafla, kasi ile inabaki peke yake. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona visivyokuwepo na kupata homa. Hapo mtu anaweza kufa.

Wenzako watakusomea Marko 9, kijana aliyeangushwa na pepo. Wasome pia Mathayo 4:24: wenye pepo wametajwa, na wenye kifafa wakatajwa kando yao. Injili yenyewe inatenganisha, sisi tunachanganya kwa ujasiri gani? Bwana alisema wagonjwa ndio wanaohitaji tabibu, na Luka aliyefuatana na Paulo alikuwa tabibu. Anayemfungia mgonjwa huyu chumbani haoneshi imani. Anahatarisha uhai usio wake.

Na huo mfungo msimpe kabisa! Mnywaji wa gongo mara nyingi hali vizuri, mwili wake umeishiwa vitamini B1. Hospitalini atapewa vitamini hiyo, pamoja na dawa ya kutuliza ambayo hupunguzwa kidogo kidogo. Fungeni ninyi mlio wazima.

Akishikwa na degedege njiani, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye. Msimtie kijiko mdomoni, msimfunge kamba.

Endelea kuhubiri, ndugu yangu; Mithali 23 inayoonya juu ya ulevi haijafutwa, na wake wa Kibosho wanaolala njaa wanakuhitaji. Ila kabla ya kumwambia mtu "acha leo", mwulize faraghani: asubuhi hunywa ili mikono itulie? Amewahi kuanguka kwa degedege alipoacha? Akijibu ndiyo, asikatishe ghafla. Mfikishe kwa daktari, aache chini ya uangalizi.

Akitoka wodini, msimsimamishe jukwaani kutoa ushuhuda. Bado hana nguvu hizo, na akirudia kunywa ataona aibu kurudi kanisani. Kazi kubwa iko kwenye misiba na harusi, kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, inapopita mkono hadi mkono na kukataa kunaonekana dharau kwa wazee. Mzee wa kanisa mmoja akae ubavuni pake, aipokee kata kwa niaba yake na kuipitisha mbele. Mkewe naye aelezwe dalili hizi zote, maana usiku yeye ndiye atakayeziona.