Uingereza mwaka mmoja au Ujerumani miwili: barua kwa mwanangu

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza uchukue ipi: uzamili wa menejimenti Uingereza, mwaka mmoja, ada pauni 20,000 baada ya punguzo, au ule wa Ujerumani wa miaka miwili kwenye chuo cha umma kisichotoza ada. Umesisitiza kwamba chuo cha Uingereza kiko juu kwenye orodha za ubora. Orodha iweke pembeni kwanza, tuanze na fedha.

Nje ya London, Uingereza wanataka uonyeshe pauni 1,171 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi tisa. Hiyo ni 10,539. Ongeza ada ambayo hujalipa bado. Kuna pia pauni 1,164 za huduma ya afya, ambazo unazilipa siku ya kuomba viza. Fedha za ada na za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku hizo ziwe zimeisha ndani ya siku 31 kabla ya kuomba. Akaunti iwe yako au yetu wazazi. Ikiwa yetu, utaambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yetu ya ridhaa. Akaunti ya baba yako mdogo haihesabiki, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani. Hisa zetu za SACCOS nazo hazihesabiki. Shilingi wanazibadilisha kwa kiwango cha siku unayoomba, kwa hiyo akaunti iliyowekwa kiasi kilekile tu inaweza kupungua bila mtu kugusa senti, na makato ya benki ya mwisho wa mwezi yanatosha kukuangusha. Weka ziada ya asilimia kumi. Fedha za kahawa usizitegemee: huku tunaanza kuvuna Julai na malipo yanakuja baadaye, wakati wewe unaanza masomo Septemba.

Ujerumani utaweka euro 11,904 kwenye akaunti ya zuio, wenyewe wanaiita Sperrkonto, halafu ukifika unaachiwa 992 kila mwezi. Hizo ni zako za pango na chakula. Chuo kitakutoza mchango wa muhula tu. Lakini mwaka wa pili, ukienda kuhuisha kibali cha ukaazi, watakuuliza tena utaishi kwa fedha gani. Sheria inakuruhusu kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, ila usipange bajeti ukidhani kazi utaipata mwezi wa kwanza.

Sasa ya baada ya kuhitimu. Wengi bado wanahesabu kwamba Uingereza inatoa miaka miwili ya kubaki na kufanya kazi. Kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027, na wewe utakuwa miongoni mwao, ni miezi 18. Ujerumani nayo inakupa miezi 18 ya kutafuta kazi. Kwa hilo hakuna anayemzidi mwenzake. Tofauti ni lugha: utafundishwa kwa Kiingereza, lakini waajiri wengi wa Kijerumani watataka uzungumze Kijerumani.

Na mkeo? Tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa madarasani haruhusiwi kwenda na mwenza wala mtoto Uingereza. Ujerumani inawezekana, kwa makaratasi mengi na kusubiri. Zungumzeni hili wawili kabla ya kurudi kwangu.

Mimi naelekea Ujerumani, kwa sharti kwamba uanze Kijerumani mwezi huu. Ila pima na upande wa pili: mwaka wa ziada ni mshahara wa mwaka mzima usioupata. Ukiona mshahara huo unakaribia pauni 20,000, au mwajiri akikuandikia kwa maandishi kwamba atakushikia nafasi kwa miezi 12 tu, nenda Uingereza na sitakupinga. Vyovyote iwavyo, hakikisha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanakitambua chuo, maana cheti utakileta nyumbani.

Usilipe amana kwanza. Najua bila amana chuo cha Uingereza hakikupi CAS, ile namba ya kuombea viza. Soma kwanza sharti la kurudishiwa fedha: kunyimwa viza ni jambo moja, kubadili nia ni jingine, na hilo la pili mara nyingi halirudishiwi. Miadi ya ubalozi wa Ujerumani hapo Dar iombe leo.

Cheti chako cha kuzaliwa kiko kwangu, nitakituma kwa basi la Alhamisi.

Mama yako