Asali, viwavi na mbu: mdudu anatuambia amekula nini?

Tangu nitaje hapa kipimo cha vinasaba, yaani DNA, ule urithi ulioandikwa ndani ya kila kiumbe na unaomtambulisha, maswali hayajakauka. Mengi ni ya wafugaji nyuki, na kwa Tabora, mkoa wa asali, hilo halishangazi. Nimechukua matano.

Mizinga yangu iko Sikonge, jirani na mashamba ya tumbaku. Mnunuzi amekataa asali akidai nyuki wangu wanakula tumbaku. Kipimo cha DNA kitanitetea?

Nusu kwa nusu, ndugu yangu. Nyuki hurudi mzingani na chavua mwilini, na chembe zake huishia ndani ya asali. Kila chembe imebeba vinasaba vya mmea wake. Maabara huizimua asali kwa maji, huizungusha kwa kasi hadi chavua itulie chini, kisha hunakili kipande kifupi cha vinasaba kinachotofautiana kati ya mmea na mmea. Kila mzunguko wa kunakili huzidisha mara mbili, hivyo baada ya mizunguko 30 nakala moja inaweza kufika zaidi ya bilioni. Mashine huzisoma, kompyuta huzilinganisha na maktaba ya mimea iliyokwisha kusomwa: huu mninga, huu mtundu, hii tumbaku.

Mitego iko hapo. Mti ambao haumo katika maktaba hautatajwa kwa jina lake, utasingiziwa ndugu yake. Halafu majibu ni ya chavua, si ya nekta, yale maji matamu ya ua ambayo nyuki huyageuza asali. Mahindi yakijitokeza kwenye asali yako usishtuke: mahindi hayana nekta, ila nyuki huifuata chavua ya mbelewele. Kwa hiyo ukiambiwa "mahindi asilimia kadhaa", hiyo si asilimia ya asali iliyotoka kwenye mahindi.

La tatu ndilo lako hasa. Kama mnunuzi anaogopa dawa za kuua wadudu zinazopigwa shambani, vinasaba havijui habari za sumu. Hicho ni kipimo cha kemikali, kingine kabisa. Ningekuwa wewe ningemuuliza kwanza anaogopa nini, kabla ya kulipa shilingi moja. Tena mkumbushe kwamba wakulima wa tumbaku hukata maua ili majani yanenepe. Nyuki atafuata nini pale?

Kwenye mahindi yangu Urambo nimekuta vifuko vyeupe vidogo kando ya kiwavijeshi aliyekufa. Nivichome?

Usivichome, mama. Mara nyingi hivyo ni vifuko vya nyigu wadogo sana, ambao hutaga yai ndani ya kiwavi. Buu lake humla kiwavi kutoka ndani, kisha hutoka nje na kujifunga kifuko. Hao ni vibarua wako wasiodai posho.

Kiwavijeshi vamizi alitangazwa Afrika mwaka 2016 na mwaka uliofuata alikuwa ameshafika kwetu. Tangu hapo swali la watafiti limekuwa: nyigu gani wa hapa wamejifunza kumshambulia? Zamani ungewafuga viwavi mmoja mmoja na kusubiri nini kitatoka, na wengi wangekufa mikononi mwako. Sasa unaweza kumsaga kiwavi na kutafuta vinasaba vya nyigu ndani yake. Mimi bado napenda ufugaji ule wa zamani uendelee sambamba, kwa sababu vinasaba husema nyigu aliingia, havisemi kama angetoka hai. Wapo viwavi wanaoliua yai la nyigu humo humo tumboni.

Mume wangu anadai mbu hawamng'ati. Tumbo la mbu linaweza kumuumbua? (Nzega)

Linaweza, ukiwahi. Damu ikiwa mbichi tumboni, husema ni ya mtu au ng'ombe, na hata ya mtu yupi. Siku mbili tatu zikipita, mbu ameshaisaga. Vinasaba pia ndivyo hutenganisha Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, mbu wa malaria wanaofanana kama shilingi kwa shilingi. Wa kwanza anapenda zaidi watu, wa pili hageuki nyuma akiona zizi. Huko Nzega kwenye ng'ombe wengi, tofauti hiyo si ndogo.

Nasoma chuo hapa Tabora mjini. Nihifadhije wadudu wa kupima vinasaba?

Spiriti kali, asilimia 95 ikiwezekana, na mahali pa baridi. Formalini huharibu vinasaba. Gongo haitoshi, hata kama muuzaji ataapa. Kwa mdudu mkubwa mguu mmoja unatosha, mwili uliobaki uhifadhi.

Babu yangu aliwajua nyuki na ndorobo wote kwa macho. DNA imeongeza nini?

Swali zuri, na lina ukali wake. Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, na wenzake walipendekeza kutambua wanyama kwa kipande kimoja kifupi cha vinasaba. Mwaka uliofuata yeye na wenzake, akiwemo mwanaikolojia Daniel Janzen wa Marekani, walimpima kipepeo mmoja wa Costa Rica aliyejulikana kwa jina moja tangu karne ya 18. Walipata spishi kumi, yaani aina kumi mbalimbali. Vipepeo wazima walikaribia kufanana, lakini viwavi wao walikuwa na rangi tofauti na walikula mimea tofauti. Na hayo ya viwavi hayakutoka maabara: yalitoka kwenye daftari za watu waliokuwa wakiwaokota msituni na kuwafuga kwa zaidi ya miaka ishirini, wakiandika kila mmoja kaokotwa kwenye mti gani. Babu yako angeelewana nao vizuri.