Faili ya kaka yangu mwanahabari imelala kituoni. Tufanyeje?

Swali: Wakili, kaka yangu alikuwa mtangazaji hapa Kisumu. Aliuawa miaka mitano iliyopita akifuatilia habari za unyakuzi wa ardhi. Polisi waliandika wizi wa mabavu. Kila tukienda kituoni tunaambiwa uchunguzi unaendelea. Je, tumechelewa? – Dada wa marehemu, Kondele

Jibu: Pole sana, dada. Hamjachelewa. Kosa la mauaji nchini Kenya halina kikomo cha muda wa kushtakiwa. Ila acheni kwenda kituoni kuuliza "mmefika wapi?" Jibu lake mnalijua.

Mwandikieni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kupitia ofisi yake ya Kisumu. Kifungu cha 157 cha Katiba kinampa uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze, na agizo hilo si la hiari. Anaweza pia kumwelekeza hakimu afanye inkwesti, yaani uchunguzi wa mahakamani kuhusu chanzo cha kifo, na mimi ningekazania hapo. Kwenye inkwesti mashahidi huapishwa na kuhojiwa hata kama hakuna mshukiwa kizimbani, na hakimu akiona kuna mtu wa kujibu, anaweza kuamuru akamatwe. Mnakumbuka ya Baby Pendo, mtoto mchanga aliyefariki baada ya kupigwa na polisi mwaka 2017, papo hapo Kisumu: inkwesti iliwanyoshea kidole makamanda wa polisi mwaka 2019, mashtaka yakaidhinishwa 2022. Ni mwendo wa kobe, sikudanganyi.

Kikwazo chenu hasa ni hayo maneno "wizi wa mabavu". Yakishaandikwa, hakuna anayeuliza marehemu alikuwa akichimba habari gani, wala nani angeumia ikitoka. Kwa hiyo ambatisheni kazi yake: kanda, madaftari, jumbe za vitisho, tarehe za vipindi. Toeni nakala, asili zibaki kwa wakili. Simu yake mkiwa nayo, msiiwashe, mwachieni mtaalamu. Majina ya waliompa habari kwa siri yafunikeni kwanza, maana watu hao bado wako hai na wanaishi mtaani.

Mkishuku mkono wa afisa wa polisi, pelekeni malalamiko IPOA pia, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Kesi ikifunguliwa, msikubali kuketi nyuma kama watazamaji: Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2020, katika kesi ya mauaji iliyotoka Bungoma, kwamba familia ya mwathiriwa ina haki ya kushiriki kupitia wakili wake.

Barua pelekeni nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.