Wape Washike: Asidi na Besi Bila Kabati la Kemikali

Juzi mwalimu mmoja wa Tabora kaniandikia: "Kaka, jengo la maabara tunalo, kabati tupu. Asidi na besi nafundishaje?" Swali hilo nalijua. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza sekondari za kata zijengewe maabara, wananchi tukachangishwa, kuta zikasimama. Bureti, ile mirija ya kupimia asidi tone kwa tone, hazikuota humo ndani.

Hapa Kigoma nilianza na choya, yale maua mekundu ya kupikia juisi. Ichemshe, chuja, gawa kwenye vikopo. Ukitia ndimu, ambayo ni asidi, wekundu unakolea. Ukitia maji ya majivu, ambayo ni besi, unapotea na kugeuka kijani. Kidato cha tatu walipiga kelele hadi darasa la jirani likatoka nje kuchungulia.

Siku iliyofuata kijana mmoja, baba yake mvuvi, akaleta maji ya ziwa kutoka Kibirizi. Akaapa kwamba hayana asidi wala besi, maana wao huyanywa. Nikamwambia aandike hilo ubaoni kwanza, kisha amimine mwenyewe. Wekundu ukafifia, ukaelekea ukijani! Hakukubali. Akadai kopo lilikuwa na majivu, akaliosha, akarudia, akaleta na maji ya mvua alinganishe. Hapo ndipo nilipowaeleza kuwa pH ya Ziwa Tanganyika, yaani kipimo cha asidi na besi ambacho juu ya 7 ni besi, ni kama 9. Kengele ililia, hakuna aliyetoka.

Ofisini nikapewa jina: mganga. "Mganga kaja na dawa zake." Walicheka wote, hata niliyemdhania rafiki. Sitaficha, bado inaniuma. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, haohao walikuja kuazima chupa zangu. Niliwapa, ila sikutabasamu.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, acha kulilia vifaa. Wape washike. Bomba la sindano la mililita 5, bila sindano, linatosha kuhesabia matone ya ndimu mpaka kijani kiondoke. Makundi yatapata idadi tofauti. Waache wabishane kwa nini. Kila mmoja aandike anachotarajia kabla ya kumimina. Ukifanya wewe mezani huku darasa zima linatazama, hiyo ni sinema, si praktiko. Wape washike, nasema tena.

Asidi ya betri usiilete darasani hata ukipewa bure. Ni salfuriki, inaunguza macho. Choya nayo chemsha asubuhi ya kipindi, ikilala inachacha. Na wakikuita mganga, wape vikopo waoshe.