Shimo la kina ukutani: kwa fundi anayeanza

Kabla hujachanganya saruji, uliza shimo limetokana na nini. Lililoachwa na fundi umeme alipohamisha soketi ni kazi nyepesi, kwa kuwa ukuta wenyewe ni mzima. Lipu iliyodondoka yenyewe karibu na sakafu ni habari nyingine. Hapo mara nyingi kuna maji yanayopanda kutoka kwenye msingi, au bomba linavuja ndani, au lipu ya kwanza ilichanganywa na mchanga wa baharini, na chumvi yake inavuta unyevu. Ukiziba bila kushughulikia maji, utaitwa tena, na safari hiyo hulipwi.

Kisha gonga kuzunguka shimo kwa mpini wa mwiko. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachia ukuta hata kama kwa macho inaonekana nzima. Bomoa kwa tindo na nyundo mpaka ufike pagumu. Mwenye nyumba atashtuka kuona shimo limekuwa kubwa mara mbili, kwa hiyo mwambie mapema. Na kama kuna soketi au swichi jirani, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya pigo la kwanza.

Vijana wengi huharibu kazi kwa kujaza shimo lote kwa mkupuo. Mchanganyiko mzito hulemewa na uzito wake, unatuna katikati na kushuka. Hata ukishika, nje hukauka mapema na kusinyaa wakati ndani bado ni mbichi, ndiyo maana unaona ufa umezunguka kiraka chote. Jaza kwa tabaka, kila moja lisizidi unene wa kidole, milimita 15 hivi.

Anza kwa kufagia vumbi kwa brashi, halafu rushia maji ukuta ulowe bila kuchuruzika. Tofali kavu hunyonya maji ya mchanganyiko kabla saruji haijashika, na kiraka kitabanduka kwa mkono. Kipimo changu ni kopo moja la saruji kwa manne ya mchanga wa mto uliochekechwa. Sukumiza kwa nguvu hadi nyuma kabisa usiache uwazi, kisha kwaruza uso kwa msumari ili tabaka linalofuata lipate pa kushika. Liache hadi kesho. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja. Mchanganyiko ulioanza kukaza hauokolewi kwa kuongeza maji.

Tofali zenye matundu zina mtego wake: unasukuma, mchanganyiko unatumbukia ndani. Wapo wanaosokomeza karatasi za mifuko ya saruji. Hiyo ni chakula cha mchwa, na haibebi kitu. Tumia vipande vya tofali vilivyoloweshwa, uvikaze kwa mchanganyiko, uache vishike kabla ya kuendelea.

Puti ya jipsamu isijaze kina. Kazi yake ni milimita mbili tatu za mwisho, tena ndani ya nyumba pakavu. Bafuni na nje italainika ikipata maji. Huko malizia kwa niru ya saruji, yaani uji laini wa saruji na maji.

Ukipata kazi kwenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Zanzibar, saruji iache nyumbani. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, na hupumua. Saruji hufungia unyevu ndani, kisha inabanduka na kuondoka na kipande cha ukuta. Huko ziba kwa chokaa na mchanga, kwa subira kubwa zaidi maana chokaa hukaza polepole.

Kiraka cha saruji kimwagilie maji asubuhi na jioni, siku tatu kwa uchache, hasa ukuta unaopigwa na jua. Rangi ya mafuta isubiri, wiki nne ndiyo salama; juu ya saruji mbichi itafanya malengelenge.

Kuhusu malipo, wateja hupima kazi kwa ukubwa wa shimo. Wewe hesabu safari. Shimo la kiganja kimoja linaweza kukurudisha pale siku tatu, na nauli ni yako. Mwambie pia kwamba rangi mpya juu ya kiraka peke yake itaonekana hata ikiwa ya kopo lilelile, hivyo anunue ya kutosha ukuta mzima, kona hadi kona.